Karibu ya Shemeji, Kwenye Boti Nyembamba

Mume wangu alipofariki, watu wetu wa Toronto walinihudumia vizuri sana kwa siku chache. Walileta sufuria za pilau mpaka friji likakataa kufunga. Walileta na ushauri, ambao haukuhitaji friji. Halafu theluji ikaanza, kila mtu akarudi kazini kwake, na mmoja akapita kuchukua sufuria yake, akakaa kwa muda ule ule wa mimi kuiosha.

Tulikuwa tukikaa Downsview, juu kwenye nyumba ya mtu, nyuma ya maghala. Marehemu aliendesha folklifti, gari la kunyanyulia mizigo, kwenye ghala moja, mimi nilifunga mikate kwenye mifuko katika jingine. Haukupita muda baada ya maziko, mwenye nyumba akapanda ngazi, akatoa pole, akakaa, akatoa pole tena, kisha akasema nyumba itauzwa, na mwezi wa tisa ukiisha niwe nimetoka. Nilimshukuru kwa kuniambia mapema. Huku ndivyo tulivyozoea: ukitolewa nje, unashukuru.

Siku ya arobaini tulisoma hitma pale pale kwangu. Wanaume walikaa sebuleni, wanawake chumbani, nami katikati yao nikiwa kwenye eda, mlango umeachwa wazi kidogo. Kabla ya dua, mama mmoja wa Tanga anayekaa kwenye maghorofa ya St. James Town aliniinamia sikioni. Binti yake alikuwa ameolewa, chumba kimebaki kitupu. "Tutaongea," akaniambia.

Dua ilipokwisha, shemeji akasimama. Shemeji huyu ni mume wa wifi yangu, na wifi yangu ni dada wa marehemu, tumbo moja. Ni mhasibu, ana nyumba Mississauga, mji wa jirani, yenye vyumba ambavyo vingine kazi yake ni kutunza mazulia. Ana sauti ya kutangaza mpira. Akaipaza ili chumbani tusikie.

"Shemeji, usihangaike na pa kukaa! Nyumba ya Mississauga ni nyumba yako. Karibu siku yoyote, hata kesho!"

Wanaume wakaitikia amin, kana kwamba dua ilikuwa bado haijaisha. Wanawake wakanishika mabega. "Mashallah. Wengine mashemeji zao hata simu hawapokei." Mama wa Tanga akanibana mkono, akasema Mungu amenijibu. Wiki iliyofuata nikasikia chumba chake amekichukua mwanafunzi.

Niseme kweli, nilifurahi. Si kwa ajili ya nyumba. Wifi yangu anapiga chafya kama marehemu: tatu mfululizo, halafu ananuna kana kwamba kuna mtu amemfanyia makusudi. Niliwaza jinsi itakavyokuwa kukaa kwenye nyumba ambayo chafya hiyo inasikika.

Nikasubiri. Wifi alinipigia kila Jumapili, tukaongea juu ya baridi, juu ya magoti yake, juu ya harusi ya mtoto wa fulani ambayo nyama haikutosha. Ile karibu haikutajwa tena, kama vile ndugu aliyefungwa jela. Eda ikaisha. Theluji ikayeyuka. Nami sikuuliza, maana mtu haulizi kuhusu karibu. Unakwenda au huendi. Na kila niliyemdokeza kwamba natafuta chumba alicheka: "Wewe? Wewe una Mississauga!"

Sasa, shemeji ana ugonjwa wake. Jioni zote za baridi hukaa na simu akitazama video za Waingereza wazee wanaosafiri kwenye mifereji yao kwa boti ndefu nyembamba. Hakuna kinachotokea kwenye video hizo. Bata anapita. Mtu anakunywa chai. Daraja linakuja, daraja linaondoka. Alisema zinamtuliza, na kiangazi kilipokaribia akaamua kwamba wote lazima tukatulie. Walipanga kwenda Uingereza na rafiki yao, rafiki akavunjika kifundo cha mguu, na kitanda kwenye boti kikabaki wazi. Wifi akanipigia.

"Wifi, unahitaji kupumzika. Tumekufikiria wewe."

Walinifikiria baada ya kifundo, lakini walinifikiria. Nikaomba likizo, nikakubali, na sababu yangu haikuwa kupumzika. Mississauga mtu anaweza kukukwepa mwaka mzima. Niliona kwamba kwenye boti isiyozidi upana wa mikono yangu nikiinyoosha, neno litatoka tu.

Boti yenyewe ilikuwa kama korido ya jengo iliyotiwa injini. Ukitaka kwenda mbele, aliyeko mbele lazima aende mbele zaidi. Kitanda changu kilikuwa meza mchana. Shemeji alifika amevaa kofia ya nahodha aliyoinunua kwenye duka kubwa kule Mississauga, yenye nanga ya dhahabu, na kijana wa kampuni ya boti alipotufundisha kazi, yeye aliitikia kwa kichwa tangu sentensi ya kwanza: ndiyo, ndiyo, naelewa. Usukani ni fimbo ndefu ya chuma nyuma ya boti. Ukitaka kwenda kulia unaisukuma kushoto. Shemeji alielewa hivyo kabisa mpaka tulipoondoka. Kisha tukaingia kwenye nyasi za kulia, tukaingia kwenye nyasi za kushoto, tukamgonga bata mmoja kwa heshima, na shemeji akamwomba radhi kwa Kiingereza.

Mwendo wa boti ni mwendo wa mtu anayetoka kula. Akina mama wenye magari ya kusukuma watoto walitupita kwenye njia ya kando. Wifi alikaa mbele na miwani ya jua akipiga picha za nyumba za watu. Kila mara alisema, "Wifi, si unajisikia nafuu?" Nilijibu, "Nipo." Ndani ya boti marehemu hakutajwa. Walikuwa wamekubaliana, nadhani, kwamba safari ni ya kusahau, na walisahau vizuri.

Maji ya tangi yaliisha siku ya pili kwa sababu sisi watatu tunatumia kopo chooni, na tangi limepimwa kwa watu wanaotumia karatasi. Wifi alimlaumu shemeji, shemeji akalilaumu tangi. Mimi nilichota maji ya mfereji kwa ndoo, yakaja na konokono, nikayamwaga. Tukangoja hadi kwenye bomba lililofuata, kila mtu akihesabu haja zake kimya kimya.

Lakini kilichotuchelewesha zaidi ni adabu. Mahali ambapo mfereji unateremka, Waingereza wamejenga chumba cha mawe katikati ya maji, kina milango mizito ya mbao mbele na nyuma. Unaingiza boti, unafunga mlango, unazungusha mpini wa chuma kufungua matundu, maji yanatoka na wewe unashuka pamoja nayo polepole, kama lifti ya jengo la St. James Town. Kinaingia boti moja tu, kwa zamu. Shemeji alipofika kwenye chumba cha kwanza, boti nyingine ikaja nyuma yetu. Akaipungia mkono: "Tangulieni, tafadhali!" Wakashangaa, wakatangulia. Ikaja ya pili. "Tafadhali, tafadhali!" Ikaja ya tatu.

"Baba, sisi tutapita lini?" wifi akauliza.

"Hawa ni wenyeji, mama. Sisi wageni. Kuna ubaya gani mtu akisema tafadhali?"

"Ubaya ni kwamba wanakubali."

Wa tatu, mwanamke mmoja mwenye sweta, alisimama akamwambia shemeji kwa upole kwamba foleni ni foleni na anavuruga watu. Shemeji akasema sori. Mwanamke akasema sori. Shemeji akasema hapana, sori ni yangu mimi. Tulilala pale pale.

Jioni iliyofuata tulifunga boti mahali penye miti, tukakaa mbele kula. Wifi alikuwa amepika biriani kwenye jiko la ukubwa wa meza ya telefoni, king'ora cha moshi kikilia mpaka shemeji alipokivika soksi. Ndipo akapita mzee wa Kiingereza na mbwa. Alikuwa anaishi peke yake kwenye boti iliyofungwa mbele yetu, na kaptura yake ilikuwa imeshonewa kamba mahali pa mkanda. Akasema harufu ni nzuri.

"Karibu! Njoo ule na sisi!" wifi akamwambia kwa Kiingereza, kijiko hewani.

Alisema kama anavyosema miaka yote. Sisi ndivyo tulivyo, huwezi kula mtu anapita ukanyamaza. Na anayepita anajua zamu yake: anasema ahsante, nimeshiba, endeleeni. Hata majirani wa Kanada wamejifunza wimbo huo.

Mzee akasema haoni sababu ya kukataa. Akamfunga mbwa kwenye mti, akapanda.

Boti ikayumba. Wifi akabaki na kijiko pale pale hewani. Shemeji akasogea, mimi nikasogea, mzee akakaa katikati yetu magoti yakigusana, akaomba uma. Alikula sahani ya kwanza akiuliza viungo, ya pili bila kuuliza kitu. Ya tatu ilikuwa ile nyama aliyoitenga wifi kwa ajili ya kesho. Akaonja pilipili, akalia machozi, akaongeza. Halafu akanigeukia mimi, ambaye sikuwa nimesema kitu.

"Na wewe umefiwa na nani?"

Sijui alijuaje. Wifi akaanza kusema kwamba tuko likizo. Nikamjibu mzee kwa Kiingereza changu cha kiwandani kwamba nimefiwa na mume.

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

"Aliendesha folklifti. Alikuwa mbishi. Alikuwa anachemsha mayai mpaka yanageuka kijivu, halafu anayasifia."

Mzee akacheka kwa sauti, mpaka wali ukamtoka mdomoni. Nami nikacheka. Tangu maziko hakuna aliyekuwa amemcheka marehemu mbele yangu, na yeye alikuwa anachekesha sana. Wifi aliangalia maji. Akapiga chafya, moja, mbili, tatu, akanuna.

Mzee alipoondoka nilibaki nikikusanya sahani, wao wakasimama jikoni, yaani hatua mbili kutoka kwangu.

"Mzungu huyu hana haya! Mtu anaambiwa karibu, naye anapanda!"

"Si umemkaribisha mwenyewe?"

"Nimemkaribisha kwa adabu, sikumkaribisha kwa chakula! Mtu mzima hajui tofauti?"

"Hawajui, mama. Wenzetu wanachukua neno kama lilivyo."

"Basi ni ushamba."

Nilikuwa nimeshika sahani ya mzee. Nikaiosha taratibu, pande zote mbili. Nilikuwa nimepata jibu nililolifuata ng'ambo ya bahari, na halikuwa hata limeelekezwa kwangu.

Asubuhi tulikuwa tunafungua kamba mzee akatokeza na kikombe chake. "Leo jioni tena?" akauliza, uso umejaa nuru.

"Twende," wifi akasema kwa Kiswahili, bila kusogeza midomo. "Baba, twende sasa hivi. Washa injini!"

Shemeji alitia moto, tukakimbia. Nasema tukakimbia, lakini kumbuka mwendo. Boti ilinguruma, moshi ukatoka, maji yakachafuka, na mzee akamfungua mbwa wake akawa anatembea kando yetu kwenye njia, kikombe mkononi, bila kumwaga chai. Alizungumza na wifi habari za mdalasini. Shemeji akaongeza moto. Mzee akanyoosha miguu kidogo. Mbwa alipata nafasi ya kusimama kwenye kila mti, kunusa, kukojoa na kutufikia tena.

"Anatufuata mpaka lini?" wifi akauliza, huku akimchekea mzee.

"Mpaka mfereji uishe," nikamwambia.

Tulifika kwenye chumba cha maji, na hapo hata mkimbizi anasimama. Mzee akasema atatusaidia milango, akamwonyesha wifi pa kusimama na kamba. Shemeji akaingiza boti, nami nikabaki nyuma pamoja naye kwenye usukani. Milango ikafungwa. Mzee akazungusha mpini, maji yakaanza kutoka, na sisi wawili tukaanza kushuka. Kuta za mawe yenye mwani zikapanda pande zote. Sauti ya wifi ikawa inatoka juu, kama ya mtu aliye barabarani nawe uko kisimani. Nikaona hapa ndipo.

"Shemeji, nina swali."

"Uliza, shemeji."

"Siku ya hitma uliniambia karibu Mississauga. Mwezi wa tisa ukiisha natoka kwenye nyumba. Nataka kujua kama nifunge mizigo."

Akageuka akaangalia nyuma. Kule nyuma kuna kizingiti cha jiwe chini ya maji. Boti ikikikalia wakati maji yanashuka, inapinduka. Kijana wa kampuni alitufundisha, na hilo shemeji alilielewa. Alikitazama kizingiti kile kwa muda mrefu sana, ingawa tulikuwa mbali nacho.

"Unajua kile chumba cha chini kina unyevu," akaanza. "Na kile cha juu ndiyo ofisi yangu. Na binti akija Krismasi..."

"Sikuulizi vyumba. Nakuuliza neno ulilosema."

Akavua kofia. Ndani ya kofia kichwa chake kilikuwa kidogo kuliko nilivyodhani.

"Watu wote walikuwa wananitazama mimi, shemeji. Mimi ndiye mwenye nyumba. Ningesema nini?"

"Ungesema pole."

Maji yalikuwa yanavuja kwenye milango ya nyuma, yanaturushia matone.

"Nilidhani utakataa," akasema. "Watu hukataa."

"Mimi nilikuwa nakuja."

Hapo alinitazama usoni, na ilikuwa mara ya kwanza tangu tupande ndege. "Kwa hiyo unakuja?"

Nimeona watu hospitali wakingoja majibu ya daktari. Walikuwa na uso huo. Nami sina haja ya kudanganya: iliniuma, na ingekuwa rahisi kumjibu ndiyo ili imuume na yeye.

"Siji," nikasema. Akashusha pumzi mpaka shati likalegea. "Lakini ile karibu yako uirudishe."

"Niirudishe vipi?"

"Uliitoa mbele ya watu, na watu wakaiamini. Mama wa Tanga alikuwa na chumba, akampa mwingine kwa sababu mimi nina Mississauga. Kila ninayemwomba ananiambia nina Mississauga. Waambie sina."

Hata wazo la kuniweka kwenye ofisi yake halikumtisha hivyo. Akaivaa kofia, akaivua. "Tukirudi Toronto, nitamdokeza mmoja mmoja..."

"Anza na mama wa Tanga. Leo."

"Humu ndani hakuna mtandao, shemeji."

"Tunatoka sasa hivi."

Milango ya mbele ikafunguka, jua likaingia. Akatoa boti pole pole kuliko siku zote, akaisogeza ukingoni kuwangoja walioko juu, na simu mfukoni mwake ikalia mara tatu yenyewe, kujulisha kwamba mtandao upo. Nilimtazama tu. Akapiga. Nikamwambia aweke sauti ya nje.

Mama wa Tanga alipokea, kwake bado alfajiri, nyuma yake king'ora cha gari la zimamoto la Toronto kikipita. Wakasalimiana mpaka salamu zikaisha, ingawa shemeji alizivuta kadiri alivyoweza.

"Kuna jambo dogo," akasema. "Shemeji yangu bado anatafuta pa kukaa."

"Si anakuja kwako? Nilikusikia mwenyewe, nilikuwa nimekaa naye."

"Ndiyo, nilisema."

"Sasa?"

"Sasa... nafasi hakuna."

"Nyumba imeungua?"

"Hapana."

"Basi imefanyaje?"

Wifi alikuwa ameteremka ngazi za mawe, amesimama ukingoni na kamba mkononi, na yale maneno "nafasi hakuna" yalimkuta hapo. Mzee alikuwa nyuma yake na mbwa, anatabasamu, haelewi neno. Nikamtazama wifi. Kama alitaka kusema nafasi ipo, njia ilikuwa wazi na simu ilikuwa inasikia. Alianza kukunja kamba. Aliikunja vizuri, duara juu ya duara, akailaza juu ya paa la boti, akaingia ndani.

"Haijafanya kitu," shemeji akasema. "Nilisema tu."

"Ulisema tu." Mama wa Tanga akaguna. "Haya. Nipe mwenyewe niongee naye."

Shemeji alinipa simu kama mtu anayetua mzigo, akaenda kujishughulisha na injini, ambayo haikuwa na tatizo. Nikatoa salamu.

"Sikiliza, mwanangu," mama akaniambia. "Chumba kina mwanafunzi, simtoi. Nina sebule. Tutaweka pazia. Mimi nalala mapema, na televisheni naizima nikitaka mimi. Nguo zako uzipunguze, maana kabati ni moja. Jikoni sitaki sufuria zilale na maji. Nimekwambia yote, usije ukanilaumu. Unakuja, huji?"

"Nakuja," nikamwambia.